Je, uuguzi wa chuo cha jamii ni uuguzi nusu? Jibu kwa mwalimu aliyeko Houston

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari kutoka Morogoro, nina shahada ya ualimu na nilifundisha Baiolojia kwa miaka saba kabla ya kuja Houston kwa bahati nasibu ya viza. Nina miaka 36 na watoto wawili. Kwa sasa ni CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu tano za usiku kwa wiki. Nataka kusomea uuguzi. Chuo cha jamii (community college) cha karibu kinasema nianze na masomo ya sayansi kisha nishindanie nafasi, na huenda safari nzima ikachukua miaka mitatu na nusu. Chuo cha binafsi kinasema naweza kuanza mwezi ujao bila ushindani, kwa dola 62,000, ila nisaini wiki hii. Wenzangu wananiambia uuguzi wa chuo cha jamii ni uuguzi nusu, hospitali haziwataki. Mwingine amenishauri nisitaje shahada yangu kwenye fomu ya msaada wa masomo ili nipate ruzuku. Nimechanganyikiwa, na pia naogopa Kiingereza changu. Nifanyeje?"*

Marahaba, Mwalimu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na nitayagusa yote, lakini nianze na lile lenye haraka: usisaini chochote wiki hii. Chuo cha uuguzi kinachojiamini hakimkatazi mtu kukichunguza kwa siku kumi, na mkopo wa dola 62,000 ni mzigo utakaoubeba hadi watoto wako wafike chuo kikuu. Tulia kwanza, tulitazame jambo lenyewe.

Maneno ya "uuguzi nusu" yana historia, na ukiijua utaelewa kwa nini yanarudiwa hata na watu wenye nia njema. Zamani wauguzi wengi wa Marekani walifundishwa ndani ya hospitali, kwa stashahada ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi wake alikuwa pia nguvukazi ya wodi. Mwaka 1951, Mildred Montag aliandika tasnifu yake ya uzamivu pale Teachers College, Columbia, akipendekeza muuguzi wa aina mpya atakayefundishwa kwa miaka miwili tu katika vyuo vya jamii, na mwaka uliofuata majaribio yakaanza. Montag mwenyewe alimkusudia mhitimu huyo awe muuguzi fundi, atakayefanya kazi chini ya muuguzi mwenye shahada ya miaka minne. Lakini wahitimu hao walipotoka, majimbo yaliwapa mtihani uleule na leseni ileile, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Dhana ya ngazi mbili ilibaki midomoni mwa watu, ilhali sheria, karibu kila mahali, haikuitambua.

Kwa hiyo ukihitimu chuo cha jamii utafanya mtihani wa kitaifa wa leseni, NCLEX-RN, uleule anaofanya mhitimu wa chuo kikuu, na Bodi ya Uuguzi ya Texas itakupa leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ambayo haitaji ulisoma wapi. Kwa kuwa Texas imo katika mkataba wa majimbo wa leseni za uuguzi, leseni hiyo itakuruhusu kufanya kazi katika majimbo mengine mengi yaliyomo humo bila kuomba upya. Dawa utakazotoa ni zilezile, na ukikosea dozi utawajibika vilevile.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hakuna tofauti yoyote. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania ulioonyesha kwamba penye wauguzi wengi zaidi wenye shahada ya miaka minne, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilikuwa vichache. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikapendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada hiyo ifikapo 2020. New York ikapitisha sheria, iliyosainiwa Desemba 2017, inayowataka wauguzi wapya waipate ndani ya miaka 10 tangu kusajiliwa. Hospitali kubwa za mijini, Houston ikiwemo, nyingi hupendelea shahada ya miaka minne, au humwajiri wa miaka miwili kwa sharti kwamba ataimalizia ndani ya muda fulani, na vyeo vya usimamizi kwa kawaida huidai. Kwa hiyo wenzako wamekosea kusema hospitali haziwataki. Wangesema kwamba chuo cha jamii ni kituo cha kwanza na kwamba watu wengi huendelea mbele, wangekuwa sahihi.

Kuendelea huko si kugumu kama kunavyosikika. Muuguzi mwenye leseni husomea shahada ya miaka minne kwa kumalizia masomo yaliyobaki, mara nyingi kwa mtandao, kwa mwaka mmoja hadi miwili, huku akipokea mshahara wa RN. Sheria ya kodi ya shirikisho inamruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kutozwa kodi, na waajiri wengi wa afya wana mpango huo. Tena, tangu 2017 Texas imeruhusu baadhi ya vyuo vya jamii vyenyewe kutoa shahada hiyo ya miaka minne kwa wauguzi.

Sasa tukirudi kwenye chuo cha binafsi, mimi sikijui, na sisemi ni kibaya kwa sababu tu ni cha binafsi. Nakuomba ufungue tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Texas na utafute mambo mawili. Kwanza, je, programu hiyo imo katika orodha ya programu zilizoidhinishwa? Bila idhini hiyo hutakubaliwa kufanya NCLEX, hata ukiwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Pili, asilimia ngapi ya wahitimu wake hufaulu NCLEX kwa mara ya kwanza? Bodi huchapisha takwimu hizi kila mwaka kwa kila programu, na inatarajia angalau asilimia 80. Chuo chenye matokeo ya chini ya hapo kwa miaka mfululizo kinakueleza kitu kuhusu mafundisho yake. Baada ya hapo uliza kama kina ithibati ya kitaifa ya uuguzi, ambayo kwa shahada ya miaka miwili hutolewa na ACEN au CNEA, maana bila ithibati vyuo vikuu vingi havitapokea masomo yako utakapotaka kuendelea, na baadhi ya waajiri hawatakuangalia. Mwisho, wapigie simu chuo kikuu kimoja cha umma na uwaulize wao, si wauzaji wa hicho chuo, kama krediti zake zinahamishika.

Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wetu wakiumia. Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza zaidi ya vyeti 7,600 bandia vya uuguzi kutoka shule tatu za kusini mwa Florida. Walionunua walilipa maelfu ya dola, baadhi wakafaulu NCLEX na kupata kazi, kisha leseni zao zikaanza kufutwa jimbo baada ya jimbo. Njia fupi katika kazi hii hurudi kumdai aliyeipita.

Huenda unajiuliza kwa nini chuo cha jamii kikushindanishe kama kweli nchi ina upungufu wa wauguzi. Upungufu huo unawahusu pia walimu wao: mkufunzi wa uuguzi mara nyingi hulipwa chini ya muuguzi wa hospitali, na vitanda vya kufundishia ni vichache. Kanuni za Texas haziruhusu mkufunzi mmoja kusimamia zaidi ya wanafunzi 10 wodini bila msaidizi, kwa sababu mwanafunzi anapomchoma mgonjwa sindano ya kwanza ni lazima awepo mtu wa kumtazama mkono. Hesabu hiyo ndiyo inayofunga mlango. Nafasi hugawanywa kwa pointi: alama zako za Anatomia na Fiziolojia sehemu zote mbili, Mikrobiolojia na masomo mengine ya awali, pamoja na mtihani wa kuingilia, ama HESI A2 au TEAS. Mwalimu wa Baiolojia wa miaka saba hana sababu ya kuogopa pointi hizo. Angalia tu kwamba vyuo vingi havikubali masomo ya sayansi yaliyopitwa na miaka mitano au saba, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba utayarudia hata kama uliyasoma vizuri chuo kikuu. Usiumie kwa hilo, kwa kuwa ndiyo masomo yatakayokupa alama A.

Kuna njia nyingine mbili ambazo hukuzitaja. Ya kwanza inatokana na shahada yako: vyuo vikuu kadhaa vina programu ya kasi kwa watu ambao tayari wana shahada ya fani nyingine, ya miezi kati ya 12 na 18, na unatoka na shahada ya miaka minne ya uuguzi moja kwa moja. Ni njia nzuri kwa mtu anayeweza kuacha kazi kabisa, kwa sababu ratiba yake haikuachii nafasi ya zamu hata moja. Kwa mzazi mwenye watoto wawili anayelipa kodi ya nyumba Houston, sijui kama ni halisi, ila mwenzi wako akiwa na kipato, ifikirie. Njia ya pili ni kuwa LVN kwanza, yaani muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN, kwa takriban mwaka mmoja, kisha kuvuka kwenda RN. Inakupandisha mshahara mapema, lakini jumla ya muda huwa ndefu, na wengi hukwama hapo katikati maisha yanapowazidi. Mimi ningeichagua tu kama kipato cha sasa hakitoshi hata kulisha watoto.

(Kwa wasomaji waliokuwa wauguzi waliosajiliwa nyumbani, Kenya au Tanzania, jibu hili haliwahusu. Kabla ya kujiandikisha chuo chochote, pelekeni vyeti vyenu vitathminiwe kwa ajili ya bodi ya jimbo, maana huenda mnachohitaji ni tathmini hiyo na NCLEX tu. Nimekutana na muuguzi wa miaka 11 aliyeanza upya darasa la kwanza kwa sababu hakuna aliyemwambia.)

Kuhusu kuificha shahada yako, Mwalimu, hapa nitakuwa mkali kidogo. Ruzuku ya Pell ya serikali ya shirikisho, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika dola 7,395, ni kwa wanafunzi ambao hawajawahi kupata shahada ya kwanza, na shahada iliyotolewa nje ya Marekani inahesabiwa. Fomu yenyewe ya kuombea msaada wa masomo, FAFSA, inaonya kwamba atakayetoa taarifa za uongo kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 20,000, kufungwa, au vyote viwili. Na wewe ni mkaazi wa kudumu anayetazamia uraia. Udanganyifu kwa serikali ni doa ambalo wakili mzuri hawezi kulifuta kirahisi. Jaza FAFSA kwa ukweli, kwa sababu bado unaweza kustahiki mikopo ya serikali, ambayo ina masharti nafuu kuliko ya kampuni binafsi, na vyuo hutumia fomu hiyohiyo kugawa ufadhili wao wa ndani. Uliza pia mwajiri wako wa sasa, kwani baadhi ya nyumba za wazee huwalipia CNA wanaosomea uuguzi kwa makubaliano ya kuwatumikia muda fulani. Na kama umeishi ndani ya wilaya ya chuo hicho kwa muda unaotakiwa, kwa kawaida miezi 12 ndani ya Texas, utalipa karo ya mkaazi, ambayo ni sehemu ndogo tu ya zile dola 62,000.

Sasa nije kwenye kinachowaangusha wanafunzi kweli. Jina la chuo silo linalowaangusha, wala si Kiingereza kwa kiwango unachodhani. Wanaangushwa na aina ya maswali na ukosefu wa usingizi.

Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tulifundishwa kujibu kwa kueleza: taja, fafanua, jadili. Aliyekumbuka mengi alipata nyingi. Mtihani wa uuguzi hapa unachukulia kwamba unakumbuka, kisha unakuuliza utafanya nini. Chukua mfano huu nilioutunga. Umeanza zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji wa goti jana na anasema maumivu ni saba kwa kumi. Wa pili ana kisukari, sukari yake ni miligramu 190 kwa desilita, anasubiri insulini kabla ya kifungua kinywa. Wa tatu ana moyo usiosukuma damu ipasavyo. Uzito wake umepanda pauni nne tangu jana, na sasa anaomba mto wa tatu. Wa nne anasubiri karatasi za kuruhusiwa nyumbani na amekasirika. Unamwona nani kwanza?

Mwanafunzi mwenye huruma hukimbilia maumivu, na aliyekariri kisukari hukimbilia sukari. Lakini maumivu siku moja baada ya upasuaji ni jambo linalotarajiwa, na sukari ya 190 ni ya juu ila haitamuua saa hii. Mto wa tatu ndio jibu. Maji yameanza kurudi mapafuni, mgonjwa akilala chali hapumui vizuri, na zile pauni nne ni maji, si chakula. Wewe, Mwalimu, bila shaka umeshawahi kumletea mzee mto wa ziada saa nane usiku ukadhani anataka tu kustarehe. Uzoefu wako wa CNA umejaa picha za namna hii. Masomo yatakupa sababu iliyo nyuma ya kila picha, na mtihani utakuomba uzipange kwa hatari yake.

NCLEX yenyewe hufanywa kwenye kompyuta inayobadilika kadiri unavyojibu: ukipatia, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Una kati ya maswali 85 na 150 na muda wa saa tano, na kompyuta inaweza kusimama mapema pindi inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango. Tangu Aprili 2023 umeongezwa mikasa mirefu inayomfuata mgonjwa mmoja hatua kwa hatua. Ndiyo maana vyuo vya uuguzi huweka kiwango cha kufaulu cha alama 75 au zaidi, na vingi havihesabu kazi za nyumbani mpaka wastani wa mitihani ufike hapo. Anza mapema kufanya maswali ya namna hii, kumi kila siku, na kwa kila swali ulilokosa andika kwa maneno yako kwa nini majibu mengine matatu si sahihi. Umesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa miaka saba. Sasa sahihisha yako.

Jambo jingine dogo linalowakwaza watu wetu ni majina na vipimo. Paracetamol hapa ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Uzito wa mgonjwa mara nyingi utaupata kwa pauni ilhali dozi imeandikwa kwa kilo. Mtoto wa pauni 44 ana kilo 20; akiandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 300, na kama dawa ya maji ina miligramu 160 katika mililita 5, utampa mililita 9.4. Vyuo vingi vina mtihani wa hesabu za dozi unaodai alama 90 au zaidi kabla hujaruhusiwa kugusa dawa, kwa hiyo fanya hesabu hizi mpaka mkono uzizoee.

Ama usingizi, hapo ndipo ninapokuhofia zaidi. Zamu tano za usiku na muhula wa kwanza wa uuguzi haviwezi kukaa pamoja. Kila krediti ya darasani inadai saa mbili au tatu za kusoma nyumbani kila wiki, siku za wodini huanza kabla ya saa moja asubuhi, na ubongo huhifadhi ulichosoma wakati umelala. Mwanafunzi anayetoka zamu saa moja na kuingia darasani saa mbili husoma ukurasa mmoja mara nne, na siku ya mtihani haukumbuki. Katika programu nyingi, kufeli masomo mawili ya uuguzi ni kuondolewa. Tafuta zamu za mwisho wa wiki, au tatu badala ya tano, na kama hesabu ya nyumbani haikubali hilo sasa, ni afadhali uchukue somo moja la sayansi kwa muhula na kuweka akiba kuliko kuingia programu mapema na kutolewa.

Kiingereza chako kimekufikisha kwenye kazi ya kutunza watu usiku kucha, hakitakushinda. Lafudhi haipimwi. Kinachopimwa wodini ni kama unaweza kumpigia daktari simu ukaeleza tatizo kwa mpangilio, na kuna muundo uliowekwa tayari, SBAR, wenye hatua nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, unachodhani kinaendelea, na unachoomba kifanyike. Ufanyie mazoezi kwa sauti ndani ya gari ukienda kazini. Na usione haya kumwambia mkufunzi hukuelewa. Kwetu kunyamaza mbele ya mwalimu ni heshima, lakini hapa ukimya husomwa kama kutojua, na wodini unaweza kumdhuru mgonjwa.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, nenda mwenyewe. Muone mshauri wa idara ya uuguzi hasa, si wa jumla, ukiwa na vyeti vyako vilivyotathminiwa, umuulize ni masomo gani yatakubaliwa. Kama wewe au mtu yeyote anayesoma hapa aliwahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kwa jambo dogo, aiombe Bodi ya Texas uamuzi wa awali kabla ya kulipa karo, na awe na wakili. Kama zamu za usiku zimekuletea huzuni isiyoisha au unasinzia ukiendesha gari, muone daktari sasa, kabla ya chuo. Na chuo kitakapodai kipimo cha kifua kikuu, waeleze kwamba ulipata BCG utotoni na uombe kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi, ambacho chanjo ile inaweza kukifanya kionekane chanya na kukuchelewesha kuanza wodini.

Kama ningekuwa wewe, wiki hii ningekiandikia kile chuo cha binafsi kwamba sijaamua, ningepeleka shahada ya Morogoro kwenye tathmini, na ningejiandikisha Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza kwa muhula ujao, somo hilo moja tu, nikiacha zamu ya usiku unaotangulia siku ya maabara.